Darasa Limetoka Nje ya Sauti: Tafuta Kiini Kabla ya Kumlaumu Mtoto

Mtoto akikosea hesabu, mwalimu huangalia ni hatua gani iliyomponza. Akikosea noti, huambiwa hana kipaji, na siku ya mashindano hupewa kazi ya kubeba bendera. Hapa tunakwenda kama fundi wa redio: tunaanza na dalili, kisha tunapima sababu moja moja, tukitanguliza ile inayotokea sana na iliyo rahisi kurekebisha. Tuseme mapema kwamba sababu inayoongoza kwa kutokea haimo kooni mwa mtoto. Imo katika noti ya kwanza aliyopewa na mwalimu.

Vifaa ni vichache: uma wa sauti (chuma chenye meno mawili kinachotoa noti moja kikigongwa) au simu yenye programu ya kinanda, ngoma moja, chaki na rula ndefu. Kama uma umeazimwa kwenye maabara ya sekondari ya jirani, soma namba iliyochongwa juu yake. C ya maabara huwa mitetemo 256 kwa sekunde, na C ya kati ya kinanda ni karibu 261.6. Tofauti hiyo inazidi kidogo theluthi ya nusu-toni, yaani ya hatua kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kile kinachokifuata. Kwa kuanzisha wimbo haina madhara, lakini usiwaanzishe watoto kwa uma huo halafu kinanda kikadakia katikati ya ubeti.

Humu herufi C, D, E ni vitufe vya kinanda, visivyohama. Do, re, mi ni solfa, yaani majina ya noti za kuimbia, na do inahama kufuata wimbo.

Darasa zima linanguruma, noti za juu hazifikiki

Watoto wanaimba kama watu wanaozungumza. Wimbo ukishuka, sauti inazama na kuwa pumzi tupu. Ukipanda, wengine wanaruka oktava chini (noti ileile, ila ya chini zaidi), wengine wanafumba mdomo na kungoja kiitikio.

Wimbo umeanzishwa chini mno. Mwalimu mwanamume huanza pale koo lake linapostarehe, na watoto, kwa utii, huitafuta noti hiyohiyo huko chini wasiipate. Mwalimu mwanamke mwenye sauti nzito hufanya vivyo hivyo. Na yeyote aliyechoka kwa kufundisha tangu asubuhi huweza kuanza chini mno bila kujijua.

Mipaka ya kuimba kwa raha ni hii. P1 na P2 (darasa la kwanza na la pili la msingi nchini Uganda) wakae kati ya D iliyo juu ya C ya kati na A, yaani noti tano tu. P3 na P4 waende kutoka C ya kati hadi C ya juu. P5 hadi P7 wengi hufika D au E ya juu, na chini hugusa B au A. Wako watakaovuka mipaka hiyo wakiwa uwanjani wakicheza; hilo lisikufanye uwatungie wimbo wa huko.

Kabla ya kipindi, tafuta noti ya chini kabisa na ya juu kabisa ya wimbo wako, kisha uone do ikae wapi ili zote mbili ziingie ndani ya mipaka. Tuchukue wimbo unaoshuka hadi so ya chini na kupanda hadi la. Ukiweka do kwenye C, so ya chini inaangukia G, mahali ambapo watoto hawana sauti. Ukiweka do kwenye F, so inakaa kwenye C ya kati na la inafika D ya juu: P5 wataimba vizuri. Kwa P2 wimbo huo ni mpana mno hata uuhamishie wapi. Chagua mwingine.

Andika noti ya kuanzia kwa penseli pembeni mwa daftari lako na usiitegemee kumbukumbu. Wimbo wa taifa wa Uganda, uliotungwa na George Wilberforce Kakoma na kuanza kutumika mwaka 1962, ndio unaofichua tatizo hili kila asubuhi mstarini, kwa sababu huanzishwa na kiranja yeyote aliye karibu. Teua watoto wawili wa kuuanzisha, wafundishe kutumia uma, na kazi hiyo iwe yao muhula mzima.

Umeinua do na bado wananguruma? Basi wanajua sauti ya kifua tu, ile ya kuitia watu. Waonyeshe sauti ya kichwa kwa kupitia mchezo: waige king'ora kwa "uuu" kinachopanda na kushuka polepole, au waite kama anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, sauti nyembamba na ndefu, bila kukaza shingo. Dakika mbili kila mwanzo wa kipindi zinatosha. Wiki ya tatu au ya nne utasikia darasa limebadilika rangi.

Mtoto mmoja anang'ang'ania noti moja

Usimwambie afumbe mdomo. Mtoto aliyezuiwa kuimba hawezi kujifunza kuimba, na ulemavu halisi wa kutotambua noti ni nadra mno kuwa ndiyo maelezo ya watoto sita katika darasa lako.

Mpime peke yake, si mbele ya wenzake. Kwanza mpe "uuu" ya king'ora. Ikipanda na kushuka, koo lake ni zima na tatizo ni kulinganisha. Kisha geuza kazi: yeye aimbe noti yoyote, wewe umfuate. Akishasikia sauti mbili zimekuwa moja, sogea noti moja juu naye akufuate. Watoto wengi huvuka hapa hapa, kwa kuwa ni mara ya kwanza wanausikia mfanano wenyewe. Baada ya hapo mwite jina lake kwa so–mi, ule mwito wa kushuka ambao watoto hutumia wenyewe wakiitana, naye aitike kwa noti hizo hizo.

Mwalimu mwanamume, jihadhari. Ukimwimbia mtoto katika sauti yako, unampa noti iliyo oktava nzima chini yake. Wengine hutafsiri wenyewe, wengine hukwama. Kabla hujaandika kwamba hawezi, mwombe mtoto mwenzake aimbe mfano, au uimbe wewe kwa sauti ya kichwa. Mara nyingi "asiyeweza" hupona papo hapo, na aliyekuwa na kosa ni mfano.

Angalia pia anakaa wapi. Katika darasa la watoto themanini, aliye nyuma kabisa, kando ya dirisha la barabarani, hasikii uma wala mwalimu. Mlete katikati, nyuma yake akae mwimbaji thabiti, maana sauti inayotoka nyuma ya sikio husaidia kuliko ya pembeni. Akiwa bado anapotea, simama hatua nne nyuma yake na umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, au kama sikio lake limekuwa likitoa usaha, suala hilo si la muziki tena. Mzazi aambiwe ampeleke kituo cha afya.

Wanalingana na amadinda, wanapishana na kinanda

Dalili hii huwachanganya hata walimu wazoefu. Watoto wameimba wimbo wa Buganda au Busoga vizuri na amadinda au embaire, yaani marimba za mbao. Kinanda kinaletwa ili kupamba, na ghafla noti mbili au tatu zinasikika zimepinda. Mwalimu anawakemea watoto.

Watoto hawajakosea. Amadinda huigawa oktava katika hatua tano zinazokaribia kulingana. Tukiihesabu oktava kuwa senti 1200, kila hatua ni kama senti 240. Kinanda hakina hatua hiyo: kina 200 na kina 300. Kwa hiyo noti ya pili au ya tano ya amadinda inaangukia kwenye ufa kati ya vitufe viwili, na sikio lililolelewa na amadinda huimba kwenye ufa huo kwa usahihi kabisa. Isitoshe, kila seti hukatwa kwa sikio la fundi wake, hivyo amadinda za shule mbili zikikutana hazitaelewana.

Tiba ni kutozichanganya. Wimbo wa amadinda uimbwe na amadinda, na noti ya kuanzia itoke kwenye ubao wake, si kwenye uma. Wimbo wa solfa uimbwe na kinanda au bila ala. Vikikaa katika kipindi kimoja, weka kati yake dakika tano za mazoezi ya mapigo ili sikio litulie. Adungu, kinubi chetu cha nyuzi, ipimwe kabla ya kuamua: siku hizi adungu nyingi za shuleni hukazwa kufuata do-re-mi na zinapatana na kinanda, lakini si zote. Vigingi vyake vikiteleza na uzi kushuka kila baada ya wimbo mmoja, vipake vumbi la chaki.

Amadinda yenyewe ikianza kutoa mlio mfupi mithili ya kugonga meza, angalia migomba iliyolala chini yake. Migomba ikinyauka, mbao huzama na kugusana na vijiti. Badili migomba. Mbao haina kosa.

Wimbo unaanza sawa, unaisha chini

Piga uma mwisho wa ubeti wa pili ulinganishe. Wakiwa wameshuka chini ya nusu-toni, endelea na maisha. Wakiwa wameshuka toni nzima, tafuta inapovujia, na sehemu ni chache. Noti inayorudiwa mara nyingi mfululizo hushuka kidogo kila mara. Waambie waiwaze inapanda. Mi na ti huimbwa chini, hasa melodi inaposhuka kuzipitia. Pumzi nayo hukatika katikati ya neno kwa kuwa watoto wamebanwa watano kwenye dawati moja, mbavu hazina pa kutanukia: wasimamishe. Mwendo wa polepole mno huongeza yote haya.

Ujanja mmoja ambao hauna maelezo mengi lakini hufanya kazi: pandisha wimbo nusu-toni. Darasa linaloshuka likianzia F mara nyingi husimama imara likianzia F kali (F#), kitufe cheusi kinachofuata.

Wanapayuka, na Ijumaa hakuna mwenye sauti

Chanzo ni sentensi ya mwalimu: "Imbeni kwa nguvu!" Mtoto anaijua nguvu ya aina moja tu. Sema badala yake "imbeni mbali", uwaelekeze macho kwenye mti ulio mwisho wa uwanja, na uwafundishe vokali ndefu, mdomo ukiwa mrefu kuliko mpana.

Chanzo cha pili ni ngoma. Embuutu, empuunyi na engalabi zikipigwa mbele ya waimbaji ndani ya chumba cha mabati, mtoto hujisikia ananong'ona hata anapopiga kelele. Ziweke kando au nyuma, na zijifunze kushuka wimbo unapoanza. Kabla ya shindano, mazoezi ya kuimba yasizidi dakika ishirini kwa mkupuo. Maji yanywewe, na sehemu ya kucheza ifanywe bila kuimba. Mtoto ambaye sauti imemkauka zaidi ya wiki mbili au tatu aende akaonwe na mhudumu wa afya. Asipewe tangawizi na kurudishwa mstari wa mbele.

Mwendo unakimbia, au makofi yanapishana na wimbo

Kuna matatizo mawili yenye sura moja. La kwanza: watoto hupiga makofi kwa kila silabi badala ya kila pigo, na silabi zikisongamana mwendo huongezeka. Tenganisha: miguu ibebe pigo, mikono ipige silabi. Anza na miguu peke yake, mistari miwili, ndipo mikono iingie. Anayeshindwa kuunganisha aachiwe miguu.

La pili ni la mgawanyo. Mdundo wa baakisimba, ngoma ya kucheza ya Buganda, hugawa pigo katika tatu, wimbo wa gwaride hugawa katika mbili. Mwalimu akihesabu "moja, mbili" kwa mgawanyo wa mbili huku ngoma ikigawa tatu, darasa linaonekana limevurugika, kumbe linafuata ngoma. Kabla ya kuimba, tamkeni juu ya pigo moja "tá-ta" mara nane, kisha "tá-ta-ta" mara nane bila kubadili mwendo wa miguu. Msikilize mpiga ngoma anakaa kwenye lipi, na uhesabu lake.

Kukimbia kwingine husababishwa na kiitikio kuingia kabla kiongozi hajamaliza. Hilo katika nyimbo zetu nyingi si kosa, ni utamu wenyewe. Kosa ni pale pigo linapohama.

Melodi inabadilika mdomoni mwa watoto

Umefundisha noti sahihi Jumatatu, Jumatano wameirudisha imepinda, na wote wameipinda mahali pamoja. Hapo mshukiwa ni lugha. Luganda ni lugha ya toni, na kupanda au kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana ya neno. Wimbo uliotafsiriwa juu ya melodi ya kigeni huweza kulivuta neno juu mahali ambapo toni yake ni ya chini, nao watoto hulirudisha neno kwao. Kama wimbo ni wa kwako, badili melodi ifuate neno. Kama hauwezi kubadilishwa, fundisha melodi siku mbili kwa "nu-nu" kabla ya kuleta maneno.

Kiswahili kina ugonjwa tofauti. Mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tangu baraza la mawaziri la Uganda lilipokiidhinisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, walimu wengi wanajitungia nyimbo za Kiswahili kwa haraka. "Tunakwenda shuleni" ikianzishwa na "Tu" juu ya pigo la kwanza huchechemea. Acha "tu-na" zitangulie kabla ya pigo, "KWE" idondoke kwenye pigo la kwanza, na "LE" kwenye pigo kubwa linalofuata. Watoto hawatahitaji kufundishwa mara mbili.

Lipo pia suala la r na l. Katika Luganda, r huja baada ya i na e tu. Kwingineko ni l. Mtoto wa Masaka akiimba "lafiki" hafanyi uzembe, anafuata kanuni ya kwao. Tumia kanuni hiyohiyo kumsaidia: aimbe "iri-iri-iri" juu ya noti moja, ambako r humjia yenyewe, kisha afute i ya mbele polepole hadi ibaki "ri", halafu "ra", halafu "rafiki".

Wanasoma solfa ubaoni, lakini kwa noti moja

Wanaghani "do, re, mi, fa" kama majina ya wilaya. Walipewa noti saba kwa mara moja. Anza na so na mi peke yake mpaka waweze kuziimba bila msaada. Ongeza la, kisha do na re. Fa na ti zije mwisho, hata ikiwa ni P4, kwa kuwa nusu-toni ndiyo inayowasumbua. Wiki tatu kwa kila noti mpya si nyingi.

Ishara za mkono alizozieneza John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 zinafaa hasa darasa kubwa, kwa sababu unawaona waliopotea kabla hujawasikia. Do ni ngumi kiunoni. Mi ni kiganja kilicholazwa kama meza mbele ya kifua. So ni kiganja kilichosimama kikitazama kifua, la ni mkono unaoning'inia vidole chini. Kosa la kawaida ni kuzifanya zote kwenye urefu mmoja. Mkono usipopanda, sauti nayo haipandi.

Dalili nyingine ya ubaoni: watoto wanaimba noti sahihi kwa urefu usio sahihi. Chukua rula. Katika

| s :m | s :m | l :s | m :– |

kila pigo lipate sentimita 15, likiwa na noti moja, mbili au mstari wa kuendeleza. Ukiandika kwa mkono wa haraka, pigo moja huwa pana na jingine jembamba, na mtoto husoma upana kuwa muda. Anasoma kwa uaminifu ulichoandika.

Ngoma na filimbi

Ngoma iliyolegea msimu wa mvua iwekwe juani dakika kumi hadi kumi na tano na igeuzwe. Moto wa jikoni hupasua ngozi. Engalabi ya asili imewambwa ngozi ya kenge, nyembamba, hivyo muda wake uwe mfupi zaidi.

Filimbi za plastiki zikipiga yowe, punguza pumzi kwanza, kisha angalia vidole: vikiziba sawasawa huacha alama ya duara kwenye nyama ya kidole. Nusu ya darasa ikipotoka kwenye F tu, mna filimbi za aina mbili. Linganisha tundu la nne na la tano kwa mbele. La tano likiwa dogo, F hupatikana kwa kuziba tundu la kidole gumba na manne ya mbele. La nne likiwa dogo, ongeza la sita na la saba. Tenganisha makundi mawili ya kukaa.

Wavulana wa P6 na P7 wananyamaza

Wengine wana miaka kumi na minne au zaidi, na sauti inavunjika. Noti za juu hupotea kwanza, noti za katikati hukatika ghafla. Wape sehemu yao, kati ya A iliyo chini ya C ya kati na G iliyo juu yake, hata ikiwa ni noti tatu tu zinazojirudia chini ya melodi. Wapime kila baada ya wiki nne, maana mipaka huhama. Kuwasukumia besi ya kanisani sasa hivi ni mapema, na kuwatimua ni kupoteza wapiga ngoma wako kwa kisasi.

Mvua imeanza juu ya mabati

Hapa hakuna sauti itakayoshinda, na kujaribu ndiko kunakochana makoo. Endelea kwa ishara za mkono, kimya: wewe unaonyesha so, mi, la, so, wao wanaimba moyoni na kurudisha kwa mikono. Mvua ikipungua, waashirie waitoe kwa sauti noti waliyofikia, kisha piga uma uone wako umbali gani nayo.